Breki ya Mkono wa Kulia

Baiskeli ninayopanda mpaka leo ni ya gia, ya matairi manene yenye meno, ambayo wenyewe kule Ulaya waliiunda ili wapandie milima. Dar es Salaam haina milima. Ina mashimo, mchanga, madimbwi, na ule mteremko wa kutoka Magomeni kushuka Jangwani, ambao umenitosha maisha yangu yote.

Fremu ni ile ile iliyoshuka kwenye kontena enzi za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa. Cheni nimeiunga kutoka cheni mbili zilizokufa. Raba za breki nazichonga mwenyewe kwa kisu kutoka tairi la gari lililoisha, na kila baada ya mvua nazipiga msasa upya, la sivyo zinateleza kama sabuni. Gia zilikuwa kumi na nane. Leo zinaitika tatu, na mimi sihitaji zaidi. Kitu ambacho sijawahi kukibadilisha ni mikono ya breki. Ule wa kulia una mkwaruzo mrefu uliochimbwa na lami, na kidole changu cha kati hukaa humo kila ninaposhika. Vijana wa mtaani huniambia, "Fundi, si uweke mpya tu, mbona ziko kibao Kariakoo?" Nawajibu vibaya. Wananiona mzee bahili, na nimewaacha waone hivyo.

Aliyekuwa Kariakoo miaka ile atanielewa. Kabla ya ruksa, tairi la baiskeli lilitafutwa kwa kibali na kwa kujuana, na fundi aliyekuwa na spoku kumi mkobani aliamkiwa kama mganga. Halafu milango ikafunguliwa. Mitumba ya nguo, majokofu yasiyofanya kazi, redio zisizo na mgongo, na baiskeli za gia zilizobanana kwenye makontena, pedeli ya hii imeingia kwenye spoku za ile. Tulizinasua kwa nyundo. Nilifanyia kazi kwenye baraza la duka la mzee mmoja wa Kihindi, ambaye baba yake aliuza misumari na bawaba pale pale na yeye akaendelea, mpaka makontena yalipoanza akaingia kwenye baiskeli. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku za sikukuu yao ya taa alitutolea mafundi vitamutamu kwenye sinia, akasimama mlangoni mpaka viishe, ndipo akarudi ndani.

Mafundi wenzangu wengi walikuwa wanaua gia. Ndivyo tulivyosema. Baiskeli ikifika, wanang'oa kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, wanakata nyaya, wanafunga cheni nene ya baiskeli ya Kichina, na mnyama wa gia kumi na nane anageuka punda wa gia moja. Walisema vipuri vyake havipatikani, na kweli havikupatikana. Lakini mimi niliwadharau. Nilikuwa na kichwa kikubwa. Nilifungua vile vidude, nikavichemsha kwenye sabuni ya unga, nikavipaka grisi, nikavirudisha vikiwa vinacheza. Nilikuwa nikisema kwa sauti, ili jirani yangu asikie, kwamba mimi siui, mimi natibu.

Jambo moja tu nililifanya sawa na wengine wote, nalo ni kuifundisha baiskeli Kiswahili. Baiskeli tulizokulia sisi, zile nyeusi za madukani enzi za mkoloni na za Kichina zilizokuja baadaye, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Za kutoka Ulaya ni kinyume: kulia ni nyuma, kushoto ni mbele. Mtu wa Dar akipanda ya Ulaya jinsi ilivyo, akashika kushoto kwa nguvu akidhani anabana ya nyuma, inambwaga mbele. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi yeyote, kabla hata ya kujaza upepo, ilikuwa kuvua nyaya za breki na kuzivusha: ya kulia iende mbele, ya kushoto iende nyuma. Ukimaliza unabana mkono wa kulia, unasukuma baiskeli, gurudumu la mbele linakataa. Basi, imejua Kiswahili, mpe mwenyewe.

Baiskeli moja tu mtaani kwetu haikufundishwa. Ilikuwa ya kaka yangu.

Kaka alinitangulia Dar kutoka Lindi kwa miaka mingi. Ndiye aliyenileta, akanilaza kwenye chumba chake Magomeni, akanitafutia fundi wa kunifunza kazi. Yeye alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwenye mashine, na alijivunia mikono yake kwa sababu nyuzi zikikatika aliziunga bila kutazama. Ruksa iliyoleta baiskeli ndiyo iliyoleta na kanga za nje za bei poa, na kiwanda kikaanza kupunguza watu. Kaka akapunguzwa. Alirudi nyumbani na barua kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kabati, na hakuisoma tena.

Nilimtafutia baiskeli kutoka kontena la kwanza la mzee. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani, mtu mzima wa karibu miaka arobaini. Jioni tulikwenda kwenye viwanja vya Jangwani nikamshikia tandiko, watu wakamcheka, na yeye akajicheka kuliko wao. Haraka ilikuwa kubwa, alitaka kuanza kuchuuza samaki wiki ile ile, nami sikuwa nimegusa breki. Akajifunza kwa jinsi ilivyokuja: kulia nyuma, kushoto mbele. Nilipotaka kuigeuza alikataa. "Mdogo wangu, iache hivyo hivyo," aliniambia. "Mikono yangu imeshashika. Ukinivuruga sasa nitaanza upya." Nikaiacha. Tukawa tunamtania kwamba yeye peke yake Magomeni nzima anaendesha Kizungu.

Asubuhi alikuwa Feri, Magogoni, kununua vibua na changu. Aliwapanga kwenye sanduku la mbao nyuma ya baiskeli pamoja na barafu, akavuka mjini, akapita kwangu Kariakoo kunisalimia, kisha akashuka Jangwani na kupanda Magomeni, akazunguka vichochoroni akipiga kengele. Saa saba hivi alirudi kwangu Kariakoo na sanduku tupu, na samaki wawili aliowaficha kwenye gazeti, tukawakaanga kwa mama ntilie wa jirani na kula pamoja. Alisomesha watoto wawili kwa sanduku lile. Maji ya chumvi yaliyovuja kutoka kwenye barafu yalikula kila chuma yalichokifikia. Hakuna baiskeli niliyoihudumia kama ile. Kila Ijumaa niliifungua, nikafuta kutu kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi. Nyaya za breki hazikudumu, zilioza ndani ya maganda yake ambako huoni, kwa hiyo nilikuwa nazibadilisha kabla hazijaniambia.

Wiki ile lilikuja kontena kubwa. Tangu Jumatatu nilifundisha baiskeli Kiswahili mpaka vidole vikawa vyeusi visivyotakata. Nilivua nyaya na kuzivusha siku nzima, nikiota zile nyaya hata nikisinzia mchana. Ijumaa kaka akaleta yake kama kawaida, akaiegemeza, akaenda msikitini. Nyaya zote mbili zilikuwa zimeoza. Nilikata waya wa klachi ya pikipiki, mgumu kuliko wa baiskeli, nikatengeneza mbili mpya. Jirani yangu yule muuaji wa gia alikuwa anabishana nami kuhusu cheni, na mimi nilikuwa namjibu, nafurahia kumjibu, sikutazama mikono yangu. Nilipomaliza nilibana mkono wa kulia, nikasukuma, gurudumu la mbele likakataa. Nikaridhika. Ilikuwa imekaa jinsi baiskeli inavyotakiwa kukaa.

Kaka alirudi akaichukua, akasema, "Ahsante fundi," kwa utani wake wa kuniita fundi, akaondoka akiikokota katikati ya watu.

Jumamosi alipita kwangu na mzigo. Hakusema kitu. Alfajiri akienda Feri barabara ni tupu, hakuna cha kumfanya abane kwa nguvu. Mjini, na hata kushuka Jangwani, mtu na sanduku zito huenda taratibu, hubana breki zote mbili kidogo kidogo na kuburuza ndala, hawezi kujua ipi ni ipi. Na kupanda Magomeni hakuhitaji breki. Nimeirudia safari ile kichwani mara nyingi mno. Mahali pa kwanza ambapo angeshika breki kwa nguvu, kwa mkono mmoja, bila mzigo wa kumvuta nyuma, palikuwa mteremko wa kurudi Jangwani.

Saa saba ikapita. Akaja muuza maji mbio, jasho linamtoka. "Fundi, kaka'ako kala mzinga pale Jangwani! Mkokoteni umemkatiza!"

Nilikimbia kwa miguu. Nilipofika, kaka alikwisha kupakiwa kwenye pikapu ya watu na kupelekwa hospitali. Damu ilikuwa kwenye lami, na meno mawili, ambayo mwanamke mmoja aliyaokota akayafunga kwenye karatasi akanipa kana kwamba yangerudishwa. Kando ya barabara watu walikuwa wamemweka kati mvuta mkokoteni. Walimpiga kwa mikono, kwa kandambili, na mmoja kwa ubao uliotoka kwenye mkokoteni wake mwenyewe. Alikuwa analia kwa sauti, "Nilikuwa mbali jamani! Alikuwa na nafasi ya kusimama! Kajirusha mwenyewe!" Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilimsikia, na nikasema moyoni kwamba anasema uongo, na nikataka wazidi kumpiga. Hilo nalo nalikiri.

Kisha nikainua baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa zima. Gurudumu zima, uma mzima, hakuna kilichogongwa. Mkono wa breki wa kulia ulikuwa umesagika kwenye lami. Nikaufuata waya wake kwa kidole, kama ninavyofuata kila siku, kutoka kwenye usukani kushuka, na ukanipeleka mbele.

Nilisimama pale nimeshika ule waya na wale watu wanapiga. Ningeweza kusema, "Mwacheni, ni mimi." Maneno matatu hayazidi. Lakini niliona ule ubao ulivyokuwa unapanda na kushuka, nikaogopa. Niliogopa kupigwa, hakuna jina zuri zaidi la kuliita jambo hilo. Nikaibeba baiskeli begani nikaondoka, nikapandisha kuelekea Kariakoo.

Kwenye baraza nilichukua spana namba kumi, nikavua nyaya, nikazivusha. Kulia nyuma, kushoto mbele. Mikono kazi iliijua. Nilipoinua uso, mzee wa duka alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaka yako anaendeleaje?" aliuliza.

"Bado sijafika hospitali, mzee."

Akaitazama baiskeli, akaitazama spana. "Bado hujafika hospitali," alirudia polepole. Akaingia ndani. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi baada ya hapo, na sinia ya vitamutamu iliendelea kutoka kila sikukuu, ila hakuwahi tena kuniuliza habari za kaka yangu.

Kaka alivunjika mtulinga na kifundo cha mkono wa kulia. Nilimkuta kitandani amefungwa bandeji, mdomo umevimba, akataka kuongea kabla sijamsalimia. "Mdogo wangu, sielewi," alisema. "Nilimwona yule mtu wa mkokoteni toka mbali. Nikabana ya nyuma. Nakuapia nilibana ya nyuma. Nikajikuta juu." Alininyooshea mkono wa kushoto, ule mzima, akaufumba na kuufumbua. "Wewe uliigusa breki?"

"Nilibadilisha nyaya tu," nilisema. "Ziko vile vile."

Ndivyo nilivyosema. Nyaya zilikuwa mpya na zilikuwa vile vile, tangu saa mbili tu zilizopita.

Alipotolewa plasta alikuja barazani mwenyewe, kwa miguu kutoka Magomeni. Aliivuta baiskeli, akabana mkono wa kulia, akasukuma. Gurudumu la nyuma likakataa. Akaachia, akabana tena. La nyuma. Akahamia kushoto, likakataa la mbele. Alirudia mara nyingi, akitazama kidole kwanza kisha gurudumu, kama mtu anayejaribu ufunguo. Mimi nilikuwa nimeinamia rimu ya mteja, napiga spoku ambayo haikuwa na tatizo.

"Kumbe iko sawa," alisema.

Nilihamia spoku nyingine.

"Basi ni mimi."

"Ni bahati mbaya, kaka. Mtu yeyote angechanganya."

"Mimi sichanganyi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuuliza. Akaiegemeza baiskeli mahali pake, taratibu, akarudi Magomeni kwa miguu. Hakuipanda tena.

Mfupa uliunga, ulipinda kidogo tu. Angeweza kuendesha. Kilichoharibika kilikuwa kingine. Kaka ambaye aliunga nyuzi bila kutazama alianza kuitazama mikono yake kabla ya kila kitu. Akifunga mlango, anarudi kujaribu. Chai ya moto alimwachia mkewe amimine. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye mkeka, ananyoosha kulia, anasema kwa sauti ndogo, "nyuma," ananyoosha kushoto, anasema, "mbele," na aliponiona alicheka kwa aibu akaingiza mikono chini ya mapaja. Alijaribu kubeba samaki kichwani, miguu ikamshinda kabla ya saa nne. Alijaribu kuuza mitumba, akawa anakosea chenji, au alidhani anakosea, akaacha.

Nilitaka kumwambia. Nilikwenda Magomeni mara kadhaa kwa nia hiyo moja. Lakini kila siku niliyochelewa iliongeza kitu cha kueleza: mwanzo ningeeleza nyaya tu, kisha nyaya na uongo wa hospitalini, kisha nyaya na uongo na yule mtu aliyepigwa. Huyo nilikuwa namwona Kariakoo. Mkokoteni wake waliuvunjavunja siku ile, akawa kuli wa kubeba magunia kichwani, na jicho moja halikufunguka vizuri tena. Alijua mimi ni ndugu wa aliyeanguka. Kila akipita barazani na gunia lake alinisalimia, "Habari za saa hizi, fundi? Kaka hajambo?" Nilimjibu kwamba hajambo.

Kaka aliamua kurudi Lindi, kulima. Watoto walikatizwa shule wakaondoka naye. Nilimsindikiza kituoni alfajiri, nikapandisha mizigo juu ya basi, na nilipoteremka nilimshika kando. Nilikuwa nimeazimia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu juzi yake.

"Kaka, ile baiskeli," nilianza.

"Baki nayo," alinikatiza. "Nilitaka kukuambia hivyo hivyo. Usiiuze, usiiue gia. Ipande wewe." Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, vile vidole vyangu vyeusi, akaitazama jinsi alivyozoea kutazama ya kwake. "Hii mikono haikosei," alisema. "Mimi nilikuleta mjini, lakini Mungu mikono mizuri alikupa wewe."

Utingo akapiga bodi la basi. Kaka akapanda. Nilisimama na mikono yangu imefunguka vile vile alivyoiacha.

Njia ya kusini ilikuwa mbaya wakati ule, mvua ikinyesha mtu alilala porini siku mbili, tatu. Nilijiambia nitakwenda kiangazi. Kiangazi kilipokuja kazi zilikuwa nyingi. Mwaka wa tatu tulipata habari kwamba ameugua homa na amezikwa siku hiyo hiyo. Shemeji aliponisimulia baadaye alisema kwamba hata shambani alikuwa hataki kushika panga mtu akiwa karibu. Alisema, "Alikuwa anajiogopa, shemeji." Nikamwambia pole.

Kwa hiyo mikono ya breki ni ile ile, na iko Kizungu, kulia nyuma, kushoto mbele, jinsi alivyojifunza. Mimi ambaye nilikulia na zile nyeusi sijawahi kuizoea. Miaka yote hii, kila nikishuka Jangwani, mkono wangu wa kulia hutaka kutafuta ya mbele, na inabidi niutazame.